Dhulma ya kwenye hadithi ianzie kwenye pishi

Hadithi yangu ya mfalme katili na majini imefika sehemu ya 41. Naituma kila Ijumaa baada ya Isha, na wanaotaka kuandika zao huniuliza mtawala katili anaandikwaje.

Jeshi liache kwanza. Sehemu zangu tatu za mwanzo nilizijaza mijeledi na damu, na wasomaji kimya. Ya nne nikamweka kijana anayepima karafuu. Mchumaji analeta pishi, kile kipimo cha karafuu, imejaa mpaka imefanya kilele. Kijana anapitisha kiganja juu, kilele chaangukia jamvi la mfalme, inaandikwa pishi ya mfuto, yaani iliyosawazishwa. Anayefuata! Usiku ule simu yangu haikulala kwa matusi, yote ya mfalme.

Ukikosa pa kuchota, nenda Pujini, kisiwani Pemba. Mkama Ndume, maana yake anayekama wanaume kama ng'ombe, alitawala pale karne ya 15, na wazee husimulia kuwa aliwabebesha watu mawe ya kujengea huku wakijikokota kwa makalio. Kubeba mawe kila mjenzi hubeba. Huyu kawakataza kusimama, na ujenzi wenyewe unachelewa! Adhabu ya hadithini itafute huko, isiyomfaa hata anayeiamrisha.

Sasa uasi. Shujaa usimpe panga kabla hujampa cha kupoteza. Mimi nilimleta dada wa yule mpimaji kwenye foleni, kikapu kichwani. Akimfuta kilele, atakula naye vipi jioni? Akimwachia, watu arobaini nyuma wanaona. Nilikaa na sehemu hiyo wiki mbili, nikaomba radhi kwa kuchelewa. Mwisho akamwachia. Bibi aliyefuata akaweka pishi yake, akamshika mkono: "Na yangu, mwanangu." Uasi wangu wote umetoka hapo, wala yule kijana hakuutaka.

Kosa langu ni sehemu ya 19. Askari walipomkamata yule mpimaji, wasomaji wakanililia, nikamtuma jini akamtoa. Mie mjinga! Tangu hapo kila akibanwa wanauliza jini yuko wapi, na kilichokwisha tumwa hakifutiki. Ilinichukua sehemu sita kumfunga yule jini kwenye chupa.

Kwa hiyo weka daftari: nani kamwona nani, nani ana deni la nani. Na sehemu ya hatari ilaze siku mbili kabla hujaituma.