Kabla ya sindano ya ganzi: kupima neva za mkono uliojeruhiwa

Mvuvi wa Kizingitini akijikata kwa kisu cha kupasulia samaki, au fundi wa majahazi wa Matondoni akiponyokwa na patasi, zahanati huwaza damu na nyuzi kwanza. Kidonda hushonwa, kikapona vizuri. Miezi mitatu baadaye mwenyewe anarudi na kiganja kilichokonda na vidole viwili vimejipinda. Neva, yaani mshipa wa fahamu, ilikatika siku ile ile, hakuna aliyeipima. Kipimo hakizidi dakika tano, na lazima kitangulie lignokeini, dawa ya ganzi, kwani dawa ikishaingia huwezi kujua ganzi ni ya sindano au ya neva.

Damu izuie kwa kukandamiza kitambaa safi juu ya kidonda na kuinua mkono. Usitumbukize koleo kuubana mshipa usiouona: kwenye kifundo cha mkono, ateri ya ulna (mshipa wa damu wa upande wa kidole cha mwisho) na neva yake zimelala ubavu kwa ubavu. Mgonjwa akishuka botini na kamba ya mpira mkononi, uliza ilikazwa saa ngapi na uandike. Ikipita saa mbili, kamba yenyewe huweza kuumiza neva na misuli, na kipimo chako kitakuchanganya.

Anza na hisia. Chukua pamba, gusa mkono usioumia kwanza ili ajue anachotafuta, kisha: "Ami, fumba macho. Nikikugusa, niambie ni wapi, na kama ni sawa na mkono ule." Usiulize tu "unahisi?" Wengi watajibu ndiyo, kwa sababu ukibonyeza kwa nguvu kidole hutikisika na mgonjwa akahisi kule kutikisika. Neva kuu za kupima ni tatu: mediani, ulna na radiali. Ncha ya kidole cha shahada ni ya neva ya mediani, ncha ya kidole cha mwisho ni ya ulna. Ya radiali pima mgongoni mwa mkono, kati ya gumba na shahada, ingawa hapo neva jirani huingiliana na jibu si la kutegemea sana. Jeraha likiwa la kidole, pima kila ubavu peke yake. Kidole kinachoruka damu kwa mapigo karibu kila mara kimekatika neva pia, maana upande wa kiganja neva iko mbele ya ateri.

Nguvu ndiyo hupotosha wengi, kwa kuwa msuli mzima huifanya kazi ya uliolemaa.

Mediani ikikatwa kwenye kifundo, mgonjwa bado anakunja ngumi: misuli inayokunja vidole iko kwenye kigasha, na matawi yake yamekwisha kutoka karibu na kiwiko. Kwa hiyo achana na ngumi. Laza mkono mezani kiganja juu, mwambie ainue gumba kuelekea dari ukilizuia kwa kidole chako, huku mkono wako wa pili ukipapasa mnofu wa chini ya gumba kama unakaza.

Ulna ipime kwa karatasi. Ashike kati ya gumba na ubavu wa shahada, nawe uvute. Gumba likijikunja kwenye ncha ili kuishikilia, ulna imelemaa na mediani inaisaidia. Angalia pia kidole cha pete na cha mwisho. Jeraha la kifundo huvipinda zaidi kuliko la kiwiko, kwa kuwa la kiwiko huua hata msuli wa kigasha unaovikunja. Mkono uliopinda kidogo usikupe matumaini ya bure.

Radiali hulala nyuma ya mfupa wa juu wa mkono, ndiyo maana mkwezi aliyeanguka mnazini na kuvunja mfupa huo mkono wake huning'inia. Mwambie ainue kifundo na kunyoosha vidole, ukitazama pale vidole vinapoungana na kiganja. Ncha zikinyooka si kitu, hizo hunyooshwa na misuli midogo ya kiganja inayoendeshwa zaidi na neva ya ulna. Mkono ukining'inia, uweke bapa mezani kabla ya kupima kutanua vidole, la sivyo utaishtaki ulna isiyo na kosa. Pima kabla ya kufunga banzi na baada yake.

Bega lililoteguka kwa kuanguka kutoka juu ya punda: gusa ngozi ya nje ya bega kabla ya kulirudisha, na uone kama msuli unakaza. Hapo ni neva ya aksilari.

Mtoto mdogo hajibu maswali. Mchezeshe: ngumi kama jiwe (mediani ya karibu na kiwiko; iliyokatwa kifundoni ngumi haiionyeshi), mkono wazi kama karatasi (radiali), vidole viwili kama mkasi (ulna). Akikataa, na kama hakuna kidonda kibichi, chovya mkono kwenye maji ya nyuzi 40 kwa dakika 30, ukiyajaribu kwanza kwa kiwiko chako, maana mkono wenye ganzi huungua bila kujua. Ngozi isiyokunjamana, neva yake haifanyi kazi.

Jeraha wazi lenye ganzi au udhaifu lihesabu kuwa neva imekatika. Safisha, funga, weka banzi, mpe rufaa mapema, kwani kuunganisha neva hufaa zaidi ndani ya siku chache za kwanza. Katika barua andika neva gani, nguvu kwa daraja la 0 (msuli haukazi kabisa) hadi 5 (nguvu kamili), saa ya kipimo, na kwamba ulipima kabla ya sindano. Neva hukua takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo mweleze mgonjwa kuwa atasubiri miezi. Wakati huo vidole vinyooshwe na kukunjwa kila siku kwa mkono usioumia, ila ikiwa neva au kano imeshonwa, asubiri ruhusa ya aliyeshona. Sufuria ya moto aishike mtu mwingine.

Ganzi isiyo na jeraha, yenye neva nene nyuma ya kiwiko au baka lililopauka, mpeleke akapimwe ukoma.