Mistari sambamba na mistari ya pembe mraba: namna ya kuifanyia mazoezi

Nimeandika hatua hizi baada ya kukaa na vijana wa kidato cha nne wa hapa Nkuhungu, Dodoma, wanaojiandaa na mtihani. Swali tutakalotumia linatoka shambani, maana mizabibu haiko mbali nasi.

Safu ya kwanza ya mizabibu inapita kwenye nukta (2, 1) na (8, 5). Safu ya pili ni sambamba nayo na inapita (3, 6). Njia ya mkokoteni inaanzia (8, 5) na kuikata safu ya kwanza kwa pembe mraba. Kipimo ni mita. Tafuta mlinganyo wa safu ya pili, mlinganyo wa njia, na mahali vinapokutana.

Hatua ya 1: Tafuta mteremko
Tofauti ya y gawanya kwa tofauti ya x: (5 − 1)/(8 − 2) = 4/6 = 2/3. Uache hivyo hivyo kama sehemu. Anayeandika 0.67 namrudisha mwanzo, kwa sababu huko mbele majibu hayatakutana sawasawa.

Mlinganyo ukija kama 2x − 3y = 1, weka y peke yake kwanza. Usiinyakue ile 2 iliyo mbele ya x ukaiita mteremko.

Hatua ya 2: Mstari sambamba
Mteremko ni uleule, nukta ndiyo inabadilika. y − 6 = 2/3(x − 3), zidisha kote kwa 3, unapata 2x − 3y + 12 = 0.

Hatua ya 3: Mstari wa pembe mraba
Hapa ndipo jioni nzima huishia, basi twende polepole.

Zao la miteremko miwili lazima liwe −1. Kwa hiyo geuza sehemu, kiasi kiwe asili na asili iwe kiasi, kisha badili alama. Yote mawili. 2/3 inakuwa −3/2. Wengi hugeuza wakasahau alama, au hubadili alama wakaacha kugeuza. Kama mteremko ulikuwa hasi tayari, unakuwa chanya. Kama ni namba nzima, mfano 4, isome kama 4/1, jibu ni −1/4.

Usikariri tu. Chukua karatasi ya grafu: kutoka nukta yoyote nenda 3 kulia, 2 juu. Sasa zungusha karatasi robo mzunguko kinyume cha saa. Ile 3 ya kulia imekuwa 3 ya kwenda juu, na ile 2 ya juu imekuwa 2 ya kwenda kushoto. Juu 3, kushoto 2: hiyo ndiyo −3/2.

Mstari uliolala, kama y = 5, una mteremko 0, na huwezi kugeuza 0. Mwenzake wa pembe mraba ni mstari uliosimama, x = namba fulani, ambao hauna mteremko kabisa. Kanuni ya −1 haifanyi kazi hapo, tumia macho.

Halafu kuna suala la skeli. Kijana mmoja alichora y = 2x + 1 na y = −x/2 + 3, akapima kwa kipimapembe akapata nyuzi 59 badala ya 90, akafuta, akarudia hesabu mpaka akakata tamaa. Hesabu yake ilikuwa safi. Kwenye mhimili wa x sentimita 1 ilisimama kwa 1, kwenye mhimili wa y sentimita 1 ilisimama kwa 2. Mchoro ukibanwa hivyo, miteremko inayoonekana kwenye karatasi ni 1 na −1/4, na pembe mraba inapotea. Mistari sambamba hubaki sambamba kwa skeli yoyote. Pembe mraba inataka skeli zilingane. Ndiyo maana sizipendi programu za simu za kuchorea grafu: baadhi huvuta mihimili zenyewe bila kukuuliza. Nunua karatasi ya grafu na rula. Ukisomea nje, weka jiwe juu yake, upepo wa Dodoma unaujua.

Sasa njia yetu: y − 5 = −3/2(x − 8), yaani 3x + 2y − 34 = 0. Angalia: 2x − 3y imegeuka 3x + 2y. Ukishaelewa kwa nini, itumie kama njia ya mkato.

Hatua ya 4: Kukutana
Tatua milinganyo miwili pamoja. x = 6, y = 8.

Hatua ya 5: Hakiki
Weka (6, 8) kwenye kila mlinganyo. Kutoka (8, 5) hadi (6, 8) ni √(4 + 9) = √13, kama mita 3.6 kati ya safu na safu.

Hatua ya 6: Fanya mwenyewe
A(1, 2), B(5, 4), C(4, 6): onyesha kuwa pembe B ni mraba, kisha tafuta D ili ABCD iwe mstatili. Mstari unaopita (1, k) na (4, 7) ukiwa sambamba na y = 2x, k ni ngapi? Na ukiwa wa pembe mraba kwa 3x + 2y = 5?

Majibu: miteremko ya AB na BC ni 1/2 na −2; D ni (0, 4); k = 1; k = 5.