Kurudi kazini kwa nafasi nyengine baada ya likizo ya msongo

Mfanyakazi aliyepewa likizo ya ugonjwa kwa sababu ya msongo wa kazi, kisha akaahidiwa nafasi nyengine, mara nyingi huitikia lolote atakaloambiwa, ama kwa kushukuru kuwa hakuachishwa, ama kwa kuona haya. Kabla ya kuitikia, chukua kalamu uandike ni sehemu ipi hasa ya kazi ya mwanzo iliyokushinda. Usiandike jina la cheo, andika matendo. Msimamizi wa mapokezi katika hoteli ya Nungwi au Kiwengwa, hapa Zanzibar, anaweza kugundua kwamba wageni hawakumchosha hata kidogo, bali kilichomwangusha ni zamu za usiku zinazofuatana na simu ya kazi isiyozimwa hata siku ya mapumziko. Mtu huyo akipelekwa stoo, akakabidhiwa ufunguo na kutakiwa apokee mizigo saa 5:00 usiku, atakuwa amebadilishiwa chumba tu.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi, ICD-11, iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeitaja hali ya kuchakazwa na kazi kuwa ni jambo la ajira, wala halikuihesabu kuwa ni maradhi, na chanzo chake limekieleza kuwa ni msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Kwa hivyo mapumziko peke yake hayatoshi ikiwa kazi yenyewe haikuguswa. Wapo pia walioondoka kazini kwa sonona, ambayo ni maradhi kamili, na hao wasiache matibabu eti kwa kuwa wamesharudi.

Mwombe daktari aandike unachoweza na usichoweza kufanya kwa sasa. Barua inayosema kwamba mfanyakazi asipangiwe zamu za usiku kwa miezi mitatu, na saa zake ziongezwe kidogo kidogo, humsaidia mwajiri kuliko jina la ugonjwa. Sababu nyengine sote tunaijua: barua yenye muhuri wa hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu ikipita katika meza za watu watatu, jioni huwa ni mazungumzo ya barazani. Itie ndani ya bahasha, uifunge, na umkabidhi afisa utumishi mkononi.

Ukitaka kujua haki zako, soma sheria ya hapa. Watu wengi huchukua sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 kutoka mtandaoni na kwenda nayo kwa meneja, ilhali haitumiki Zanzibar. Sekta binafsi inaongozwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na watumishi wa serikali wana Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011.

Makubaliano ya nafasi mpya yawe kwa maandishi, yakitaja utawajibika kwa nani, saa zako, mshahara, na kama mlango wa kurudi nafasi ya zamani uko wazi. Katika hoteli uliza na habari ya bakshishi, kwa sababu aliyezoea kupokea wageni atayaona mapungufu hayo mwezi wa kwanza tu akiwa stoo. Mshahara ukipungua, na michango yako ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF) itapungua. Kwa mtumishi wa serikali anayepewa uhamisho kutoka Pemba kuja Unguja, au kinyume chake, ningemshauri apime sana: kazi nyepesi iliyo mbali na mama, mke au mume na watoto inaweza kuwa nzito kuliko ile ya mwanzo.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kuandika kazi ambazo hutazifanya tena. Taasisi zetu ni ndogo, na aliyekaa mapokezi miaka mingi hufuatwa hadi stoo, akiwa katikati ya kuhesabu mashuka na kadi ya stoo mkononi, aulizwe bei ya chumba cha wakala fulani au nywila ya kompyuta, kwa kuwa “wewe ndiye unayejua”. Kila mmoja anaomba dakika mbili tu, na kwa wiki chache kazi ya zamani inakuwa imerudi yote juu ya ile mpya. Andika maelezo ya makabidhiano katika daftari, muombe meneja awatangazie wafanyakazi nani anashika nafasi yako, na ukifuatwa jibu kwa upole bila ya kujieleza sana: “Ndugu yangu, hilo sasa liko kwa mwenzetu, muulize yeye kwanza.” Akija mkubwa wako, mwambie: “Bwana, nitalifanya ukiniagiza, lakini niambie lipi katika ya leo niliweke kando.”

Kuhusu wakati wa kurudi, masika hufaa kwa watu wa hoteli, kwani wageni huwa wachache na kuna nafasi ya kujifunza kabla ya msimu wa Juni kuanza. Ukirudi ndani ya Ramadhani, usijipime kwa wiki hizo, maana saa za kazi hupunguzwa katika ofisi nyingi. Subiri Idi ipite. Panga kikao na afisa utumishi mwisho wa mwezi wa kwanza, na ukianza tena kukosa usingizi au kuichukia asubuhi ya siku ya kazi, usisubiri tarehe ya kikao hicho.