Baba Mtarajiwa Anayeshika Kemikali: Namna ya Kujiandaa Kabla ya Mimba Kutungwa

Wanandoa wanapopanga kupata mtoto, maelekezo mengi humwendea mama peke yake, ilhali nusu ya vinasaba vya kiinitete, yaani mimba changa ya siku za mwanzo, hutoka kwa baba. Mbegu za kiume huchukua takriban siku 74 kutengenezwa kwenye korodani, kisha hukomaa kwa wiki moja au mbili zaidi. Kwa hiyo mwanamume anayepulizia viuatilifu, anayepaka rangi au anayeyeyusha betri kuukuu aanze kujilinda angalau miezi 3 kabla.

Baadhi ya kemikali hukatakata vinasaba vilivyomo ndani ya mbegu, na yai hukarabati sehemu tu ya uharibifu huo. Siku za mwanzo kiinitete huishi kwa akiba ya yai. Vinasaba vyake huanza kufanya kazi kwa nguvu karibu siku ya 3, kikiwa na seli 4 hadi 8, na hapo ndipo kasoro ya upande wa baba inapoweza kujitokeza, kiinitete kikaacha kukua. Kemikali nyingine huzuia mbegu zenyewe zisitengenezwe: mwaka 1977, katika kiwanda cha viuatilifu cha Lathrop, California, wanaume waliofanya kazi na DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni, walipimwa na wengi wakakutwa na mbegu chache mno au hawana kabisa.

Kama unaweza, mwachie mfanyakazi mwenzako kazi ya kupulizia kwa miezi hiyo. Ikishindikana, vaa glavu zisizopenyeza maji tangu unapochanganya dawa, maana hapo ndipo huwa kali zaidi. Kagua bomba la mgongoni lisivuje, kwa kuwa dawa inayochuruzika hadi kiunoni hupenya ngozi. Nozeli ikiziba usiipulize kwa mdomo. Nawa kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kwenda haja ndogo, jambo ambalo wengi hulikumbuka baadaye tu. Nguo za kazi zibaki nje, na asizifue mke wako.

Anayeshughulika na madini ya risasi, kama yale ya betri kuukuu, aombe kipimo cha damu, kwani madini hayo hukaa mwilini muda mrefu. Sigara nayo iachwe, lakini dawa ulizoandikiwa usizikatishe bila kuzungumza na daktari.

Mimba zikiharibika mara kwa mara, nendeni kliniki wote wawili, nawe ubebe picha ya lebo za kemikali unazotumia kazini.