Jinsi ya kutoboa matundu ya hewa kwenye jiko la nyumba ya mlimani

Nyumba nyingi za Igogo na Mabatini, jijini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, zimeegemea mwamba. Nyuma hakuna dirisha, na jiko ndilo husukumiwa huko. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu tulipika hivyo, mpaka siku moja ya mvua mke wangu alipofunga mlango na kuanguka kwa kizunguzungu kando ya ndoo ya maji. Moshi haukuonekana hata kidogo. Mkaa uliokolea hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua. Tangu hapo sijengi jiko bila matundu mawili, la kuingiza hewa na la kuitoa.

Anza na la chini. Toboa ukuta unaotazama ziwa, kozi (mstari wa matofali) ya pili kutoka sakafuni, upana wa tofali zima. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, utakuletea hewa safi bure. Ziba kwa wavu wa mbu, na uupige brashi kila wiki, maana vile vidudu vya ziwani vikija kwa mawingu vinaujaza wote.

La juu ndilo lenye kazi. Mwambie fundi bati akutengenezee mwavuli wa kukusanya moshi, unaozidi jiko kila upande, na bomba la inchi 6 lipande moja kwa moja hadi lipite kofia ya paa, kule kileleni. Likiishia chini ya kofia, upepo unarudisha moshi ndani. Kona ya digrii 90 inaukaba moshi. Ukilazimika kukwepa kenchi (mbao zinazobeba paa), tumia mbili za digrii 45. Bomba lisigusane na mbao, linachemka kweli. Lilipotoboa bati, zungushia bati dogo la kuzuia maji, kisha juu kabisa livalishe kifuniko cha mvua.

Sasa pima. Washa jiko, funga mlango na madirisha, washa kijiti cha udi ukishike mbele ya tundu la chini. Moshi wake ulale kuelekea ndani. Ukihamia ukingoni mwa mwavuli, uvutwe juu. Ukikurudia usoni, panua tundu la chini kwa tofali moja kabla hujagusa bomba. Mara nyingi kosa liko hapo. Rudia usiku, upepo ukishageuka kwenda ziwani. Kwangu nilipima saa nne usiku, ziwa limetulia, na moshi wa udi bado ulilala kuingia ndani, kwa sababu joto la jiko peke yake lilikuwa linavuta.