Unanunua feni ya kompyuta Tanga? Soma boksi hivi

Wadau, hii ni kwa yeyote ambae mashine yake inachemka na anataka kununua feni, kulingi pedi (kibao chenye feni cha kuwekea laptopu) au pesti ya prosesa (ile ya kupaka kati ya prosesa na hitisinki, chuma chenye mapezi kinachotoa joto), maana maboksi yanaongea sana na watu wanapigwa kweupe, inaniuma kwakweli.

Ukiona "inapunguza HADI digrii 20" simama hapohapo kwenye hadi. Kutoka ngapi, kwenye mashine gani, na chumba chao kilikua na joto gani? Feni haitengenezi baridi, inalitoa tu joto kwenye chuma inalipeleka kwenye hewa, kwahiyo prosesa haishuki chini ya joto la chumba hata ufunge feni kumi. Sa fikiria wamepima kwenye kiyoyozi cha digrii 22 halafu wewe uko Ngamiani mwezi wa pili saa nane mchana, chumba 32, hizo 10 za juu karibu zote zinahamia kwenye prosesa. Wakiandika 65 wewe hesabu 75.

Kulingi pedi za USB ndo zinanikera zaidi. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida linatoa volti 5 na ampia 0.5, yani wati 2.5, hapo feni sita na taa za rangi zote zinagawana hizohizo, upepo utatoka wapi? Kabla hujalipa washa laptopu, inyanyue, pitisha kipande cha tishu taratibu chini yake, pale kinaponata ndo inapovuta hewa. Feni za pedi zisipokaa usawa wa hapo zinapuliza plastiki tu.

Kwa desktopu boksi linaandika "inabeba wati 200", yani inaweza kutoa joto la prosesa ya wati 200. Hamna kipimo kimoja ambacho kampuni zote zinafata, Noctua, kampuni ya feni, wao wameamua kutumia alama zao wenyewe, NSPR, badala ya wati. Na prosesa nayo ina namba mbili za wati, Core i9-13900K imeandikwa 125 ila ikikazwa inaruhusiwa kufika 253, we linganisha na ile kubwa. CFM, yani kiasi cha hewa feni inachosukuma, nayo inapimwa feni ikiwa wazi haina kitu mbele, ukiifunga kwenye hitisinki yenye mapezi yaliyobanana upepo unapungua, kwahiyo tafuta na namba ya presha, ile ya mmH2O inayoonesha nguvu ya kusukuma hewa penye kizuizi, isipokuwepo kabisa mi siinunui.

Pesti usihangaike na namba za W/mK (jinsi inavyopitisha joto), muuzaji anaandika anachotaka, muhimu ni ikae nyembamba na ienee. Ila ile ya chuma cha maji ina galiamu, na galiamu inakula aluminiamu, usiiguse kama hujui hitisinki yako ni ya nini.

Kupima ni bure: weka HWMonitor, programu ya kusoma joto la mashine, andika joto la chumba, cheza gemu lilelile nusu saa, andika joto la prosesa, toa la chumba. Fanya hivyo kwanza baada ya kusafisha vumbi, maana huku pwani vumbi na unyevu vinagandana kwenye mapezi hadi hewa haipiti, na mashine nyingi zinapona hapohapo bila kununua chochote. Ikibaki inagonga digrii 100, kwenye prosesa nyingi za Intel hapo inajipunguza spidi yenyewe, ndo uende dukani na namba zako mkononi, mkubaliane na fundi kabisa kwamba tofauti isiposhuka unarudisha.