Kura ya posta Pennsylvania: jinsi ya kuirudisha kabla ya saa 2 usiku

Mwongozo huu ni wenu mliokula kiapo cha uraia wa Marekani, mkajiandikisha kupiga kura Pennsylvania, na karatasi ya kura ya posta imeshawafikia nyumbani. Kama bado hujaomba, maombi yanapokelewa mpaka saa 11 jioni ya Jumanne, wiki moja kabla ya uchaguzi. Tangu sheria ya mwaka 2019, huulizwi sababu ya kupiga kura kwa posta.

Shika hili kwanza: kinachotazamwa ni saa kura ilipofika, si siku uliyoituma. Lazima iwe imefika ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako kufikia saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Kwenye karatasi utaona namba 8. Hiyo ni saa mbili yetu ya usiku, usije ukaisoma saa nane. Muhuri wa posta haukuokoi. Wanajeshi na raia walio nje ya nchi wana utaratibu wao.

Jaza viduara kwa kalamu nyeusi au ya bluu. Kunja kura, itie kwenye bahasha ya siri, yaani ile ya ndani iliyokuja na kura, uifunge. Juu ya bahasha hiyo usiandike jina wala alama yoyote. Naomba mtu asiiruke hatua hii: mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba kura iliyorudi bila bahasha ya siri haihesabiwi, hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Kisha itie bahasha ya siri ndani ya bahasha ya nje, tia sahihi yako na tarehe ya siku unayosaini. Wengi hukosea hapo wakaandika tarehe ya kuzaliwa. Mahakama zimevutana miaka mingi juu ya tarehe hiyo. Wewe iandike tu.

Ukitumia posta, tuma angalau wiki moja kabla. Siku zikibaki chache, ipeleke mwenyewe ofisi ya kaunti, au kwenye sanduku la kura kama kaunti yako inalo. Si kaunti zote zinazo, na masanduku mengine yana saa za kufungwa, kwa hiyo ulizia mapema.

Tumezoea kusaidiana, mmoja akienda mjini anabeba za nyumba nzima. Kwa kura, usifanye hivyo. Kila mtu arudishe yake. Hata mume hapeleki ya mkewe. Mwenye ulemavu anaweza kumteua mtu, lakini kwa fomu maalumu iliyojazwa.

Kituo cha kupigia kura hakipokei kura ya posta iliyojazwa. Ila ukiona umechelewa, nenda nayo kituoni kwako pamoja na bahasha zote mbili, ikabidhi ifutwe, upige kura papo hapo. Kama imepotea au hukuibeba, omba kura ya muda, ambayo kaunti huihakiki kwanza ndipo iihesabu.

Baada ya kuirudisha, fuatilia kwenye vote.pa.gov. Ukiona imekataliwa, piga simu ofisi ya kaunti siku hiyo hiyo. Baadhi ya kaunti huruhusu kurekebisha kosa; yako isiporuhusu, nenda kituoni siku ya uchaguzi ukaombe kura ya muda kabla ya saa 2 usiku.